Don Bosco na Ndoto Zake

Kaskazini mwa Italia, katika jimbo la Piemonte, kuna vilima vyenye mashamba ya ngano na mizabibu. Juu ya kilima kimoja palikuwa na nyumba chache za wakulima, mahali paitwapo Becchi. Hapo ndipo alipozaliwa Giovanni Bosco, tarehe 16 Agosti 1815. Giovanni ndiyo kusema Yoane. Baba yake alikufa mwaka 1817, naye mtoto hajatimiza miaka miwili. Mwaka ule ule mvua ilikosa, njaa ikaingia katika nchi. Mama yake, Margherita, akabaki na mzigo mzito: wavulana watatu, na mama mkwe wake aliyekuwa mzee na mgonjwa. Mkubwa wa wavulana aliitwa Antonio. Yeye hakuwa mtoto wa tumbo la Margherita. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Wa pili aliitwa Giuseppe, na mdogo wa wote ni Giovanni.

Usiku mmoja, Giovanni akiwa na umri wa miaka tisa hivi, aliota ndoto. Alijiona yupo karibu na nyumba yao, katika kiwanja kikubwa kilichojaa watoto. Wengine walicheka, wengine walicheza, na wengi walikuwa wakitukana na kulitaja jina la Mungu bila heshima. Giovanni aliposikia matusi yale alikasirika, akaruka katikati yao, akaanza kuwapiga ngumi ili wanyamaze. Mara akatokea mtu mwenye heshima, amevaa vazi refu jeupe, na uso wake uling'aa hata Giovanni hakuweza kumtazama. Mtu yule akamwita kwa jina lake, akamwambia asimame mbele ya watoto wale awafundishe. Akamwambia pia kwamba hatawavuta kwa mapigo, atawavuta kwa upole na mapendo.

Giovanni alifadhaika, akajibu kwamba yeye ni mtoto maskini asiyejua kitu. Ndipo akamwona bibi mtukufu karibu na mtu yule, vazi lake likimeta kama nyota. Bibi akamshika mkono, akamwambia atazame. Kumbe, watoto wametoweka! Mahali pao palikuwa na mbuzi, mbwa, paka, dubu na wanyama wengine wengi. Bibi akamwonyesha kwamba hilo ndilo shamba lake la kazi. Akamwagiza awe mnyenyekevu na mwenye nguvu, na yale atakayoona yakiwapata wanyama, hayo ndiyo atakayowatendea watoto. Giovanni akatazama tena. Wanyama wakali wamegeuka wana-kondoo, wanarukaruka na kulia kwa furaha. Hapo mtoto akaanza kutoka machozi katika usingizi, akaomba aelezwe maana yake. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamwambia kwamba wakati utakapofika ataelewa yote.

Kelele ikamwamsha. Mikono yake ilimuuma kwa sababu ya ngumi alizozipiga, na mashavu yake yalimuuma kwa makofi aliyorudishiwa.

Asubuhi aliwasimulia ndugu zake, nao wakacheka. Kisha akawasimulia mama yake na nyanya yake. Basi jamaa yote ikaanza kutafuta maana ya ndoto ile, na kila mtu alikuwa na maana yake. Giuseppe, aliyependa mifugo, alisema mdogo wake atakuwa mchungaji wa mbuzi na kondoo. Mama alisema kwamba huenda, nani ajuaye, siku moja atakuwa padri. Antonio akajibu kwa ukali kwamba labda atakuwa mkubwa wa wanyang'anyi. Mwisho akasema nyanya. Mzee huyu hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliijua dini yake vizuri. Akakata shauri kwamba ndoto si za kuaminiwa.

Tazameni vizuri watu hawa wanne. Ndoto ilikuwa moja, nao wameisikia kwa kinywa kimoja, lakini kila mmoja ametoa katika ndoto ile kitu kilichokuwa tayari ndani ya moyo wake. Giuseppe ametoa mifugo yake. Mama ametoa tumaini lake, ambalo pengine hakuwahi kulisema kwa sauti. Naye Antonio ametoa hasira yake. Giovanni mwenyewe aliona kwamba nyanya amesema kweli. Hata hivyo, ndoto ile haikutoka tena kichwani mwake.

Hasira ya Antonio haikuwa maneno tu. Alimzidi Giovanni kwa miaka saba, mikono yake ilikuwa imeota sugu kwa jembe, naye hakupenda kumwona mdogo wake ameshika kitabu. Kwake, mtu mwenye kusoma ni mtu anayekula jasho la wengine. Tusimhukumu upesi, katika nyumba ya maskini kila mkono unahitajiwa shambani, na Antonio alikuwa amefiwa na mama, kisha na baba. Lakini ugomvi ulizidi hata mama akaogopa. Mwezi wa Februari 1827, Giovanni akiwa hajatimiza miaka kumi na miwili, Margherita alimfungia kitambaa chenye nguo chache, akamtuma aende kutafuta kazi kwa watu wengine. Ilikuwa wakati wa baridi kali. Mtoto alikaa karibu miaka miwili na zaidi kwa jamaa ya Moglia, akichunga ng'ombe na kulima.

Baadaye padri mmoja mzee, Don Calosso, alimfundisha Kilatini, lakini akafa mwaka 1830. Kisha Giovanni alikwenda shuleni katika mji wa Chieri. Ili apate chakula na malazi alifanya kazi nyingi: alishona nguo, alifua chuma, aliranda mbao, alitengeneza peremende na kahawa. Hata kabla ya hapo, kule Becchi, alikuwa amejifunza michezo ya wale wanaotembea juu ya kamba. Alifunga kamba kutoka mti wa peasi hata mti mwingine, akatembea juu yake, na watu wakaja kutazama. Malipo yake yalikuwa kwamba wote wasali rozari pamoja naye kwanza, na kusikiliza mahubiri ya padri aliyoyashika kichwani. Asiyetaka kusali hakutazama mchezo.

Aliingia seminari mwaka 1835, akapewa upadri tarehe 5 Juni 1841 katika mji wa Torino. Tangu siku hiyo watu walimwita Don Bosco, maana katika Italia padri huitwa Don.

Torino ulikuwa mji uliokua upesi. Watoto wengi walitoka vijijini kutafuta kazi ya kujenga nyumba na kusafisha moshi katika mabomba ya nyumba. Walilala popote, na wengi waliishia gerezani. Tarehe 8 Desemba 1841, Don Bosco alikuwa akivaa mavazi ya Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mvulana mmoja, fundi mwashi, yatima, aliingia kwa sababu ya baridi tu. Jina lake Bartolomeo Garelli. Mtunza kanisa alimwambia atumikie Misa, naye akasema hajui. Basi yule mtunza kanisa akashika fimbo, akampiga mabegani na kichwani, akamfukuza. Don Bosco aliona ngumi zile za ndotoni zinapigwa tena, safari hii na mtu mwingine. Akapaza sauti kwamba mvulana yule ni rafiki yake, akaamuru aitwe arudi. Garelli alirudi akitetemeka. Baada ya Misa Don Bosco aliongea naye kwa upole, akamfundisha kufanya ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata, Garelli alileta wenzake.

Wakawa ishirini, wakawa mia, kisha zaidi. Hapakuwa na mahali pa kuwaweka. Walihama kanisa hata kanisa, kiwanja hata kiwanja, na kila mahali majirani walichoka na kelele zao. Katika mwaka 1844 Don Bosco aliota tena. Aliona tena wanyama wengi na bibi mchungaji. Walitembea njia ndefu, wakasimama mara tatu, na kila waliposimama wanyama wengi waligeuka wana-kondoo. Kisha jambo jipya likatokea: wana-kondoo wengine waligeuka wachungaji, wakaanza kuwachunga wenzao. Wakati ule hakuelewa yote wala hakuyaamini sana. Aliandika baadaye kwamba alielewa kidogo kidogo tu, kadiri mambo yenyewe yalivyotokea.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, watoto walipata kibanda kibovu katika mtaa wa Valdocco, mali ya mtu aitwaye Pinardi. Mwaka ule ule Don Bosco aliugua hata karibu kufa. Alipopona alikwenda Becchi, akamwomba mama yake aje kukaa naye mjini. Margherita alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Aliacha nyumba yake na wajukuu wake, wakatembea kwa miguu mpaka Torino, wakafika tarehe 3 Novemba 1846. Alipika, alifua, alishona suruali zilizopasuka za watoto wasio wake, mpaka alipokufa mwaka 1856. Watoto wote walimwita Mama.

Yeye ndiye aliyeanzisha desturi moja ambayo haikufa. Walipompokea mtoto wa kwanza kulala nyumbani mwao, Margherita alimwambia maneno machache ya wema kabla hajafumba macho. Don Bosco akafuata mfano huo. Kila jioni, baada ya sala, watoto walisimama pamoja barazani chini ya matao, na Don Bosco akapanda mahali palipoinuka kidogo, akawaambia neno fupi. Neno hilo liliitwa Usiku Mwema. Ndipo akaanza, jioni nyingine, kuwasimulia ndoto zake.

Kwanza alikuwa na mashaka. Hakusahau maneno ya nyanya yake. Alimwendea Padri Giuseppe Cafasso, mwalimu wake na muungamishi wake, akamweleza habari yote. Cafasso alimwambia aendelee bila hofu, kwa maana masimulizi yale yalileta mema. Hata hivyo, mara nyingi kabla ya kusimulia, Don Bosco aliwakumbusha watoto kwamba ni ndoto tu, na kwamba mtu akilala huota mambo ya namna nyingi. Aliye na faida atwae faida.

Watoto wa Valdocco waliposikia kwamba jioni kutakuwa na ndoto, hawakuongea tena. Mamia ya watoto walisimama kimya kabisa chini ya taa. Hawakusikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine, maana wao wenyewe walikuwamo. Don Bosco alieleza kwamba aliwaona katika njia fulani, katika bustani fulani, huyu anacheka, huyu amelala chini, huyu amebeba mzigo. Lakini hakutaja jina la mtu mbele ya wengine. Aliyetaka kujua jinsi alivyoonekana, aje peke yake. Basi siku iliyofuata watoto walimngojea uwanjani na mlangoni mwa chumba chake, na kila mmoja aliuliza jambo lake kwa sauti ndogo.

Katika jambo hili padri yule alikuwa na busara kubwa. Kuna nyumba ambamo mtu akiota vibaya, kesho yake jamaa wanakutana kutafuta ni nani aliyeituma ndoto, na kabla ya jua kuchwa mama mzee asiye na kosa amekwisha kuitwa mchawi. Valdocco ndoto haikutumiwa kumtafuta adui. Kila mtu alijitafuta mwenyewe ndani yake, na jirani yake akaachwa kwa amani.

Mwaka 1862, mwezi wa Agosti, aliwasimulia ndoto ya nyoka. Aliota yupo kijijini kwake pamoja na watoto wake wote. Mtu asiyemjua alimwonyesha nyoka mnene katika majani, urefu wake mita saba au nane. Don Bosco alitaka kukimbia. Mtu yule akaleta kamba, akampa ncha moja, wakaishika juu ya nyoka, wakampiga nayo mgongoni. Nyoka akageuka kuiuma kamba akanaswa. Wakafunga ncha moja ya kamba kwenye mti wa peasi na ncha ya pili kwenye chuma cha dirisha. Nyoka akajipiga-piga mpaka akabaki mifupa. Kamba ile waliiweka ndani ya sanduku, na walipolifungua tena, wakaona kamba imejipanga kuwa maneno mawili: Ave Maria. Nyama ya nyoka ilikuwa imetapakaa chini, na watoto wengine wakaila, wakaanguka wamevimba. Waliosikia jioni ile walielewa kamba upesi, maana kila siku walishika rozari mkononi. Lakini nyama ile ni nini, na nani ameila? Hilo kila mtoto alikwenda nalo kitandani.

Kusema kweli, si kila ndoto ilikuwa ya kufurahisha. Mara nyingine Don Bosco alisema kwamba mmoja wao atakufa kabla ya siku fulani, bila kumtaja. Watoto wengine walitetemeka, na hata leo msomaji anaweza kujiuliza kama ilifaa kuwaambia watoto neno zito namna ile wakati wa kulala. Lakini watoto hawakumkimbia. Walizoea kumwona anacheza nao mbio uwanjani mchana, na kwa hiyo waliweza kusikia kutoka kwake maneno ambayo wangeyaogopa kwa mtu mwingine.

Jioni ya tarehe 30 Mei 1862 ilikuwa tofauti. Aliwasimulia juu ya bahari kubwa. Merikebu nyingi zenye mizinga zinashambulia merikebu moja kubwa inayoongozwa na Baba Mtakatifu. Katikati ya bahari zimesimama nguzo mbili: juu ya moja kuna sanamu ya Bikira Maria, na juu ya nyingine, iliyo ndefu zaidi, kuna Ekaristi. Baba Mtakatifu anaanguka, anainuliwa, anaanguka tena na kufa. Mwingine anashika mahali pake, anaifunga merikebu kwenye nguzo zile mbili, na adui wanatawanyika.

Alipokwisha, Don Bosco hakueleza maana. Alimgeukia Padri Michele Rua, aliyekuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano, akamwuliza mbele ya wote anafikiri nini. Rua huyu alikuwa mtoto wa Torino aliyekuja kwake zamani akiwa mdogo, mmoja wa wale wana-kondoo waliogeuka wachungaji. Akajibu kwamba merikebu ya Baba Mtakatifu ni Kanisa, bahari ni dunia hii, na nguzo mbili ni Maria na Sakramenti Takatifu. Juu ya Baba Mtakatifu aliyekufa, Rua hakusema neno, wala Don Bosco hakusema. Don Bosco alikubali maneno yake, akarekebisha jambo moja tu: merikebu za adui ni mateso yatakayolipata Kanisa. Kisha akawaaga walale. Baadaye vijana kadhaa waliandika ndoto ile katika daftari zao, na maandiko yao hayapatani kwa kila neno. Ndivyo ilivyo watu wengi wakisikia jambo moja.

Katika mwaka 1858 Don Bosco alikuwa amekwenda Roma kumwona Papa Pio IX. Papa alimwuliza habari za kazi yake tangu mwanzo, naye akamweleza ile ndoto ya Becchi, ambayo alikuwa ameinyamazia miaka mingi. Papa akamwagiza aiandike yote ili iwatie moyo wanawe. Don Bosco hakuiandika. Kazi ilikuwa nyingi. Mwaka 1867 Papa akamwuliza tena, na safari hii ilikuwa amri. Basi kati ya mwaka 1873 na 1875 aliandika kumbukumbu zake, na maneno ya jamaa yake asubuhi ile yamo, hata yale ya Antonio.

Wakati huo wachungaji walikuwa wameongezeka. Tarehe 18 Desemba 1859 alikuwa ameanzisha Shirika la Mtakatifu Fransisko wa Sale, yaani Wasalesiani, na mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, shirika la masista. Yapata mwaka ule wa 1872 aliota nchi asiyoijua: uwanda mkubwa, milima mbali, watu warefu waliovaa ngozi. Aliwaona wanawe wakiingia kati ya watu wale wakitanguliwa na watoto wenye furaha. Nchi hiyo ni ipi? Kwanza alidhani ni Ethiopia. Baadaye, alipozungumza na wamisionari waliotoka mbali, alidhani ni China, kisha Australia. Mwishoni ombi lilikuja kutoka Argentina. Alifungua vitabu vya jiografia, akaona kwamba nchi inayofanana na ndoto yake ni Patagonia, kusini mwa Amerika. Tarehe 11 Novemba 1875 wamisionari wa kwanza waliagwa Torino, wakiongozwa na Giovanni Cagliero, naye pia mtoto wa Valdocco. Lakini kuna jambo ambalo ndoto ile haikumwonyesha. Mwaka 1879 jeshi la Argentina liliingia katika nchi zile na bunduki, likawaua wenyeji wengi na kuwanyang'anya ardhi yao, na Wasalesiani wa kwanza walifika kwenye mto Río Negro pamoja na jeshi hilo. Upole na ngumi zilifika siku moja.

Mwaka 1884, Don Bosco akiwa Roma, mzee na dhaifu, aliota uwanja wa Valdocco. Mara ya kwanza aliuona jinsi ulivyokuwa zamani: watoto wanakimbia na kuimba, na walimu wako katikati yao. Mara ya pili aliuona jinsi ulivyokuwa sasa: watoto wengine wameegemea nguzo, wamenuna, wanakimbia sala, na walimu wanatembea mbali wakiwa wao kwa wao. Akauliza sababu. Akajibiwa kwamba haitoshi watoto wapendwe. Lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Habari hiyo aliiandikisha katika barua ya tarehe 10 Mei 1884, akaituma Torino. Ndoto za zamani ziliwahoji watoto. Hii iliwahoji walimu, na haikuwa rahisi kwao kuisikia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 1886, alipokuwa mgeni katika mji wa Barcelona, nchi ya Uhispania, alijiona tena juu ya kilima cha kwao. Watoto wengi walimkimbilia. Bibi mchungaji akamwuliza kama anaikumbuka ndoto yake ya utotoni, akawaambia watoto watazame mbali. Watoto wakasoma majina ya miji kwa sauti: Santiago, Peking. Bibi akamwambia avute mstari kutoka mji mmoja hata mji wa pili, na katikati yake aweke kituo ndani ya moyo wa Afrika. Don Bosco akafikiri umbali ule na uchache wa watu wake, akaona haiwezekani. Akajibiwa kwamba watafanya wanawe, na wana wa wanawe. Asubuhi aliwasimulia wenzake, Rua akiwa mmoja wao, akilia machozi. Yeye mwenyewe hakuona kituo kile. Mwaka 1911 Wasalesiani wa kwanza, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, walifika Katanga katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, wakaanza kazi ya shule.

Sasa turudi kwa mzee. Mwezi wa Mei 1887 alikwenda Roma mara ya mwisho. Papa Leo XIII alikuwa amempa mzigo wa kujenga kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kwa ajili yake Don Bosco alikuwa ameomba sadaka mpaka Ufaransa na Uhispania, akipanda ngazi za matajiri kwa miguu iliyovimba. Kanisa likawekwa wakfu tarehe 14 Mei. Tarehe 16 alisoma Misa ndani yake, kwenye altare ya Maria Msaada wa Wakristu. Watu walishangaa, kwa maana alisimama katikati ya Misa akalia, akaendelea, akalia tena, kadiri ya mara kumi na tano. Karani wake, Viglietti, aliyekuwa kando yake, ilimbidi amsaidie mpaka amalize.

Baada ya Misa Viglietti alimwuliza kilichomliza. Don Bosco akamweleza kwamba alipokuwa altareni aliiona mbele ya macho yake ndoto ile ya Becchi. Akaiona pia asubuhi yake, akawasikia mama yake na ndugu zake, waliokuwa wamekufa wote, wakibishana juu ya maana yake.

Alikufa Torino, alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888. Mwaka 1934, siku ya Pasaka, Papa Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu.